Usilitafute Gari, Nimeondoka Nalo

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, mkate umefunikwa. Gari nimeondoka nalo. Ndiyo, limewaka!

Shemeji naye asome, maana haya yote ni ya mdogo wako. Lile dumu alilowekea dizeli ya akiba ndilo letu la maji, na halikuwa limekauka. Jana akamimina yote tangini. Leo alfajiri gari likakohoa, likazima. Ukampigia fundi, naye kwa simu tu akatangaza kwamba pampu imekufa. Ukaniambia, “Mama watoto, hilo sasa ni chuma chakavu,” ukarudi kulala.

Mimi nilifungua boneti. Nililegeza skrubu ya chini ya chujio la dizeli, nikakinga kikombe. Maji matupu! Nikaacha yamwagike mpaka ikaja dizeli safi, nikakaza skrubu, nikabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi ikawa ngumu, nikawasha. Jirani alinipigia makofi dirishani, wewe unakoroma.

Shemeji: dumu la maji ni la maji. ~~Usiguse gari langu tena.~~ Haya, utaligusa, ila kila Jumamosi utamwaga maji ya chujio wewe, nami nitakusimamia.

Kikombe nilichokingia ni chako, baba watoto. Kiko kwenye sinki, usikinywee.

Naelekea gereji wasafishe tangi. Namtaka fundi mwenyewe asimame mlangoni, amwone marehemu wake akiingia ananguruma.

Mama watoto, mwenye gari