Mkono Unaoachia Maji

Chake Chake,
9 Aprili 1961

Kwa dada yangu Kazija binti Jaribu,
Konde.

Asalaam alaykum warahmatullah. Dada, naomba barua hii ikukute umeamka na afya, magoti yamekupa nafuu, na Idi mmeila kwa salama. Mie huku ni mzima wa kiwiliwili, alhamdulillah. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu ulizofundishwa chuoni, ili uisome mwenyewe, usimpelekee mtu akusomee.

Barua yako niliipata kabla ya Ramadhani, na najua umenuna kwa kimya changu. Una haki. Ulinieleza kwamba Siti, mjane wa marehemu ndugu yetu Bakar, ametoka eda, kwamba wazee wameshauriana wakaona nimuoe mie, asije akaangukia mikono ya mbali. Ukasema hata Siti mwenyewe karidhia, kwani mtu aliyeng'oka bega kwa kumshikilia mumewe hawezi kumtesa. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imechakaa. Jibu utalipata humu humu, lakini nistahamilie kwanza.

Umesikia kwamba mdogo wako kaingia wazimu, kila maji yakijaa yuko mkondoni anarukaruka. Si uongo. Daktari alinifungua bandeji ya bega mwezi wa Desemba akasema limekaa mahali pake, ila nilizoeze ndani ya maji. Na mie mtu wa mashamba, hata kuelea nilikuwa sijui! Akanichukua Masika, Mkojani mmoja, mtu wa kisiwa cha Kojani, aliyekuwa baharia wa meli, aliyejifunza kuogelea kwa mtindo wa kipepeo kwenye bwawa huko Bombay. Nilimwomba anifundishe kuogelea kwa kawaida tu. Akanijibu kuwa kwa kawaida mkono mzima utambebea mgonjwa kazi, lakini kipepeo hakina upendeleo: mikono yote miwili hutoka majini pamoja, hurushwa mbele pamoja, na miguu hupiga pamoja kama imefungwa kamba.

Usicheke, dada. Mtu wa miaka thelathini na sita, kifua wazi, kaptura ya magotini! Wachuuzi wa samaki walikuwa wakisimama na vikapu vyao kuniuliza nina ugomvi gani na maji. Nimekunywa chumvi mpaka chai ikawa haina ladha. Lakini pole pole kiuno kikafahamu, miguu ikafahamu, na pumzi nayo nikajua pa kuivutia.

Mkono wa kushoto ndio ulionishinda. Kila ukiingia majini, vidole vinafumbuka. Masika alikuwa akinipigia kelele kutoka kando nishike maji, nisiyaachie, nami kila siku jibu langu ni kuwa bega bado bovu. Siku moja akaukamata mkono, akaubonyezabonyeza kote, akaniambia hauna ila yoyote, bega limepona zamani, mwenye kuachia ni mie mwenyewe. Nilitoka majini bila ya kumuaga.

Wallahi, Masika hakujua alilolisema.

Dada yangu, siku ile ya karafuu tulikuwa mie na Bakar mti mmoja, ule mrefu wa nyuma ya kisima. Nyie mlikuwa mbali, mnachambua. Tawi lake likakatika, nikamdaka kwa mkono wangu wa kushoto. Mpaka hapo mlivyosikia ni kweli. Akaning'inia, akanitazama, akaniita Ngwa, kama alivyokuwa akiniita tulipokuwa wadogo. Ndipo tawi nililokaa mie likalia. Bega lilikuwa halijang'oka, dada. Mkono haukushindwa. Niliogopa, nikafumbua vidole.

Bega liling'oka baadaye. Nilikuwa nateremka mbio, nikaanguka kutoka tawi la chini. Mlipofika mkanikuta nimelala kando yake, mkono unaning'inia, na wewe mwenyewe ndiye uliyepiga ukelele kwamba nimemshikilia ndugu yangu mpaka nimeng'oka. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Matanga yote watu walinisifu kwa ushujaa, na mie nikazipokea sifa huku nimeinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi tu.

Jana nimevuka mkondo kwa kipepeo, mara ya kwanza, na mikono yote miwili ikashika maji mpaka ng'ambo. Nilipofika nikakaa matopeni nikalia. Masika alidhani ni furaha. Nilikuwa nalia kwa kuwa mkono unaweza. Hata siku ile ulikuwa unaweza.

Basi siwezi kumuoa Siti kwa bega hili. Naona haya, dada, na nakuogopa wewe kuliko wazee wote wa Konde. Lakini msomee barua yote, usinifichie, usinipunguzie. Akitaka kunilaani, haki yake. Akitaka nije niliseme neno hili kwa mdomo wangu mbele ya watu, nitumie habari, nitapanda gari ya asubuhi siku hiyo hiyo.

Nisalimie majirani, na Bi Mwanakhamis aliyenikanda bega kwa mafuta kila jioni asijue anakanda nini. Salamu zangu kwa Siti nimeziweka mwisho makusudi. Usimpe mpaka umemaliza kumsomea, na asipozipokea, usimlazimishe.

Nduguyo,
Ngwali