Hata Masufuria Yanasifu

Likasi, siku ya tano, jua likiwa bado juu

Yaya wangu Hortense,

Nakuamkia kwa mikono miwili na goti moja, maana lile lingine unajua liliharibikia kwenye mpira. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Watoto wanakula vizuri? Na huko Kambove mvua imewaachia hata bati moja juu ya nyumba? Sisi hapa tuko wazima. Angèle, bibi yangu wa ndoa, anakusalimu sana. Watoto wanakula, wanakua, wanakula tena. Minye mdogo wako Hilaire sina homa wala kikohozi, na duka langu la vyuma vya baiskeli bado linasimama pale sokoni, mbele ya yule muuza sabuni mwenye kiburi.

Tena nianze na jambo la kujivuna, maana muntu mwenye bahati asipoisema itamwozea mdomoni. Katika avenue yetu nzima kabwalala wameingia kila nyumba, ya kushoto na ya kuume, isipokuwa ya nani? Ya Hilaire. Tangu mvua zianze hao wezi hawajanigusa hata sabuni ya kufulia. Watu wakipita mbele ya mlango wangu wanatikisa kichwa, wanasema huyu bwana alizaliwa na kitu. Nilizaliwa nacho kweli! Mama si alikuwa anasimulia kwamba nilitoka tumboni nimefunga ngumi? Mkunga alipoifungua hakukuta kitu ndani, lakini ngumi ilikuwa imefungwa, na hilo ndilo neno.

Barua yako nimeipata. Georges alinipa mkononi bila hata kuzima taxi-bus yake. Unauliza jambo moja tu: mota ya mashine ya kusagia, ile uliyoninunulisha hapa mjini na kuniachia niitunze. Unasema nyumba ya mashine imekwisha kuezekwa, fundi yuko tayari, na mama wa avenue yako wamechoka kubeba mahindi kichwani mpaka ng'ambo ya mji. Unasema siku ya posho, yaani kesho samedi, Georges atakuja na vijana wawili kuipakia, na kwamba bila mota ile hujui watoto watasomea nini mwaka huu. Nimesoma yote, Yaya. Nitakujibu. Najua simu iko, lakini kwenye simu weye unanikata maneno, na habari hii inataka muntu aketi.

Kwanza nikueleze ninaishi na watu gani, ili ujue jinsi Mungu anavyonijaribu. Minye nimefika Kasumbalesa, nimevuka mpaka Ndola, nimelala Kitwe kwenye nyumba ya ghorofa, lakini ujinga kama wa avenue hii sijauona katika nchi yoyote.

Chukua Octave, huyu jirani wa kuume, anayefanya kazi kiwandani. Alijenga ukuta mrefu, akapanda vipande vya chupa juu yake, akatembea wiki nzima kifua mbele kama gavana. Ngazi ya mwashi aliiacha wapi? Nje, imeegemea ukuta uleule! Kabwalala walipanda ngazi yake, wakatandika gunia juu ya chupa zake, wakashuka taratibu kama wageni wa ndoa. Waliondoka na pasi, redio na viatu vyake vya misa. Ngazi waliirudisha pale pale. Nadhani waliona itafaa siku nyingine.

Au Blandine wa kushoto, yule anayesonga bukari ya mahindi ya kuuza. Alinunua imbwa, akamwita Danger, akaandika na ubao mlangoni. Kisha akamlisha makombo ya samaki hadi imbwa akawa mnene kama diwani, na kila mpita njia akawa rafiki yake. Siku walipokuja kuchukua sufuria kubwa za biashara, Danger aliwasindikiza mpaka kona, akarudi mkia ukicheza.

Na Léon! Huyo ndiye profesa wao. Alinunua televizioni pana kama meza, akatupa kartoni yake nje ya mlango, picha ya televizioni ikitazama barabara. Mvua ilipoanza kunyesha, unajua alifanya nini? Aliisogeza chini ya bati isilowe! Haikumaliza wiki, na sasa kartoni ndiyo iliyobaki. Halafu funguo. Avenue nzima inaficha ufunguo chini ya tofali kando ya mlango, tofali lilelile, upande uleule, na ukiwauliza wanakunong'oneza kwamba ni siri ya nyumba.

Basi mzee wa avenue alituita mkutano. Akaagiza kila nyumba iweke sufuria tupu na mwiko karibu na mlango. Atakayeona mwizi apige. Atakayesikia naye apige na atoke nje, ili kabwalala ajikute katikati ya watu. Minye nilicheka hadi kiti kikalia. Nikasimama, nikawaambia kwamba mwizi haogopi sufuria, wala chupa, wala imbwa mnene. Mwizi anakosa kitu kimoja tu, habari, na ninyi mnampikia habari asubuhi na jioni. Nikawaambia wafunge midomo kwanza, ndipo wafunge milango. Yaya, lilikuwa neno la muntu wa chuo kikuu cha Sorbonne, na minye darasa nililoachia unalijua! Octave akaniambia, Hilaire, siku moja huo mudomo utakulipisha. Nikamwambia akalete ngazi yake tupande tuitazame hiyo siku.

Aliyenichekesha kuliko wote ni mama Adrienne, yule mjane Mkatoliki wa ng'ambo ya barabara. Macho yake yamechoka, lakini kila jioni alitoka kujifunza kupiga sufuria, ko-ko-ko, kama anaita kuku. Nilikuwa namsalimu kwa kumwuliza kama kuku wamerudi. Yeye anasogeza kitambaa chake kichwani, anaendelea.

Sasa mota. Sikuikimbia, Yaya, nilikuwa nazunguka kidogo.

Ililala chini ya kitanda changu, imefungwa ndani ya liputa, kitenge cha zamani cha Angèle, ungeiona ungefikiri ni mtoto mwenye homa. Minye nililala juu yake kama kuku juu ya yai. Hapa Likasi hata mtoto anajua tumbo la mota limejaa nyuzi za shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi mota jina la baba yake. Kwa hiyo sikumwambia muntu. Hata muuza sabuni, ambaye ningefurahi sana kumtia wivu, sikumwambia.

Mpaka siku ya Mungu iliyopita.

Unalijua kanisa letu la uamsho, lile la mabati karibu na barabara. Mabafle yake mawili ya kupaaza sauti pasta ameyageuza yatazame nje, anasema neno liwafikie na wanaolala. Ukafika wakati wa ushuhuda. Akasimama mama mmoja akashukuru kwamba mafua yake yamepona. Mafua! Watu wakampigia makofi. Nikaona haya kwa niaba ya Mungu, ashukuriwe kwa kitu kidogo hivyo. Nikapita mbele, nikachukua mikro ya kusemea.

Nikasema ndugu zangu, mnaibiwa kwa sababu mna imani ya kuku na akili ya yai. Nyumba yangu kabwalala wanaipita kama malaika alivyoipita milango yenye damu kule Misri. Watu wakaanza kuitika. Yaya, weye unajua watu wakianza kuniitikia minye nakuwaje. Nikaongeza kwamba hata wakati ule nyumbani hakuna muntu, mlango umefungwa kwa kufuli moja tu, kadena ya Wachina, na chini ya kitanda changu imelala mota mpya ya yaya wangu, nzito, shaba tupu tumboni, na hakuna mkono utakaoigusa. Nikataja avenue. Nikataja na rangi ya mlango, ili utukufu uwe kamili.

Kanisa likasimama. Ngoma zikaingia. Na katikati ya hizo ngoma nikasikia kutoka nje, mbali kidogo, ko-ko-ko, ko-ko-ko. Unajua nilifanya nini? Niliinua mkono, nikanyamazisha ngoma, nikapaaza sauti kwenye mikro: Sikieni, hata masufuria yanasifu! Watu wakalipuka. Tukapiga makofi kwa kufuata lile sufuria. Kadiri lilivyopigwa haraka ndivyo tulivyocheza haraka. Pasta mwenyewe alivua koti.

Alikuwa mama Adrienne. Alikuwa ametoka misa ya kwanza, ameketi mlangoni kwake, ananisikiliza kwenye mabafle kama avenue nzima ilivyonisikiliza. Watu wawili wakaja na kigari cha kusukuma, hawana haraka, wakamwamkia vizuri: Mama, Hilaire anatutuma tuchukue mota. Na kwa nini asiwaamini, wakati sauti yangu bado inaitaja hewani? Lakini aliposikia chuma kinavunja kadena, akajua. Akachukua sufuria lake, akapiga mpaka mwiko ukakatika, kisha akapiga kwa jiwe. Hakutoka muntu. Walio wa makanisa mengine walikuwa makanisani kwao, na sisi wa kwetu tulikuwa tunacheza wimbo wake.

Mota yako imekwenda, Yaya.

Ngoja, usitupe karatasi. Kuna habari moja imebaki. Tulipotoka kanisani na habari ikaenea, watu wakamkamata muntu pale njia panda. Anaitwa Kalenga, mchimbaji wa Kamatanda, alikuwa anapita tu kwenda kutafuta gari, gunia begani, matope mpaka magotini. Octave alikwisha kumkaba shati. Mmoja akauliza tairi la kumchomea litapatikana wapi, na wote wakanitazama minye, kwa sababu minye ndiye ninayeuza mipira ya baiskeli. Wakaniambia, Hilaire, mwenye mali ni weye, sema tu, ni huyu?

Nitakuambia kweli. Neno moja, ndiyo, na aibu yangu ingeondoka na muntu yule. Nani angekumbuka tena mikro? Nililipima lile neno mdomoni. Kisha Kalenga akafungua gunia mwenyewe, likamwaga viazi vitamu barabarani, na kimoja kikabingirika mpaka kwenye kiatu changu. Nikawaambia wamwache. Nikawaambia aliyeiba ni minye, minye ndiye niliyetoa adresi, mlinisikia wote kwa mabafle. Blandine akaanza kucheka, wakacheka wote. Umri wangu wote nimewachekesha watu, lakini siku ile ndiyo ya kwanza kuchekwa. Kalenga hakunishukuru. Aliokota viazi vyake, akatema mate karibu na kiatu changu, akaenda. Alifanya vema.

Jioni Blandine alileta bukari na majani ya sombe. Octave alileta kadena yake ya akiba, akasema hii si ya Wachina. Hao ndio wajinga wangu, Yaya. Minye nimempelekea mama Adrienne mkono wa pedali, chuma kizito, asivunje tena mwiko, na kila jioni akijifunza natoka na sufuria langu nasimama kando yake, ananifundisha. Anasema napiga kama muntu anayetaka kusikika, si kama anayeita msaada. Anasema nirudie.

Kwa hiyo samedi Georges asije na vijana. Anakuja leo kwako na barua hii, na nyuma ya gari lake yapo magunia yangu: minyororo, rimu, pedali, mipira yote. Lile duka nililosema linasimama, linasimama kweli, lakini tupu. Huko Kambove wachimbaji wote wanapanda baiskeli, uza kidogo kidogo. Haifiki mota, najua, lakini ni mwanzo wake, na mwenye kuleta mwisho nitakuwa minye, hata kwa kusukuma kigari. Mama wanaobeba mahindi waambie kosa si lako. Na tafadhali, Yaya, usimwambie muntu ndani ya magunia kuna nini.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, hata yule aliyenikojolea mwaka jana. Mgongo upakwe mafuta ya moto. Angèle anasema ukikasirika uje ukasirike hapa, atapika kuku. Watu wa avenue yote wanajua niliyokuandikia, ulibaki weye peke yako, na kuyasema mbele yao wote kulikuwa rahisi kuliko mbele ya karatasi hii.

Ni minye mdogo wako,
Hilaire

Ile mistari ya bahati pale juu nilitaka kuifuta, nikaiacha, uone jinsi mdomo wangu unavyotangulia. Ni uongo. Sina bahati yoyote. Nyumba yangu imeibiwa kama za wengine, na wezi niliwaita mwenyewe.