Zulia Lenye Ukingo Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu atarudi nyumbani Ijumaa ya tarehe 22. Amesema hivyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, leo asubuhi, akiwa amesimama miguuni pa kitanda cha hospitali. Sharti ni moja: zulia la mlangoni liondolewe. Mguu wa kushoto bado anauburuta, na zulia linaloteleza litamwangusha kabla hajaingia sebuleni.

Mgonjwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nyumba yake haitageuzwa kituo cha basi. Amekuwa dobi maisha yake yote. Uchafu anauona kabla hajamwona aliyeuleta. Wiki ile ya kwanza, ulimi ukiwa mzito, alimwambia daktari kuwa viatu vyake vina matope. Daktari aliinama kutazama. Vilikuwa nayo.

Mtaalamu akacheka, akalegeza kamba. Zulia ruksa, ila lisisogee, lisiwe na ukingo wa kumkwaza, na yeye mwenyewe alione. Hilo la mwisho ndilo gumu. Tangu kiharusi, upande wa kushoto kwake haupo. Macho ni mazima — ubongo ndio hauulizi habari za huko. Anakula nusu ya sahani na kulalamika kuwa wamempunja. Naigeuza sahani, anakuta chakula kingine, ananishukuru kana kwamba nimekipika papo hapo.

Mwezi uliopita niliambiwa nijiandae kwa lolote. Leo tunabishania zulia. Nashukuru.

Jumanne, 5 Machi

Mtaalamu ana mbinu. Amebandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa wa gazeti. Sharti: usianze kusoma mstari mpaka jicho lifike kwenye nyekundu. Kabla ya hapo mume wangu alikuwa akisoma nusu ya kila mstari wa habari zangu na kusema siku hizi naandika ovyo. Leo amesoma mistari mizima. Maoni yake hayajabadilika.

Kwa hiyo zulia nalo liwe hivyo hivyo. Ukingo mwekundu upande wa kushoto. Atautafuta, ataukuta, atajua zulia linaanzia wapi, mguu atauweka ndani yake.

Mhariri wangu gazetini amechukua ile kesi ya mahakamani niliyokuwa naiandikia, bila kuombwa. Amesema nirudi nikimaliza. Hakuuliza lini.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kutafuta.

Duka la kwanza, la mazulia ya kifahari. Laini mno, mguu unazama hadi kifundoni. Muuzaji alisema ni kama kukanyaga wingu. Nikamwambia mteja wangu anataka kukanyaga sakafu.

Duka la pili, zulia la mpira mweusi wenye matundu. Halitelezi. Lakini ndilo lililopo kwenye choo cha wodi, na harufu yake ni ile ile hata likiwa jipya.

Wifi yangu, dada yake mgonjwa, alikuwa ametangulia kuniletea la plastiki lenye maua. Nilipokataa alinitazama juu hadi chini. "Wifi, kitu cha kufutia matope unakiagiza kama gauni la harusi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi amwalike na shangazi.

La nne ndilo. Karakana iko nyuma ya duka la mbao. Mfumaji ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mikono imejaa vumbi la usumba — zile nyuzi za makumbi ya nazi. Anasokota kamba mwenyewe, anafuma kwenye fremu ya mbao, kila mstari anaukandamiza kwa chanuo la chuma. Mazulia yake hayakunjiki. Tulinyanyua moja mimi na yeye, tukalirudisha chini haraka. Nyuzi zimekatwa sawasawa, ngumu kama brashi. Nilivua kiatu nikasimama juu yake. Halikubonyea wala kuyumba. Ni ghali, na nimeelewa kwa nini.

Alisema fundi wa vigae akikata sakafu kwa kipimo chake, zulia litakaa ndani ya shimo lake, lilingane na vigae. Hakuna ukingo wa kumkwaza mtu. Masharti mawili yameisha.

La tatu likatushinda. Ukingo mwekundu upande mmoja? Akavaa miwani anitazame vizuri.

"Mama, mteja akitaka simba namfumia simba. Lakini ukingo upande mmoja! Watu wataniuliza nilisinzia?"

Nikamweleza. Akasema pole, tena kwa dhati. Kisha akasema atafuma kingo mbili, kushoto na kulia, au asifume kabisa. Kazi yake inakaa mlangoni pa watu, kila apitaye anaihukumu.

Nimeondoka mikono mitupu. Sikumchukia. Mimi nami siruhusu habari itoke na jina langu ikiwa imepinda.

Jumapili, 10 Machi

Mfumaji amekuja wodini. Sikumwalika, niliwahi kumtajia hospitali tu. Alikuja saa ya kuona wagonjwa na vipande viwili vya kamba kwenye mkoba, kimoja cha rangi ya asili, kimoja chekundu.

Alimkuta mume wangu anakula. Akakaa kushoto kwake, kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi, akamsalimu. Mume wangu akaitikia, akageukia kulia kumtafuta. Akamkuta wifi. Akamwambia wifi sauti yako imekuwa nzuri leo, una mafua?

Wifi alicheka mpaka muuguzi akaja. Mfumaji hakucheka. Aliitazama sahani: nusu nyeupe kabisa, nusu haijaguswa. Akainuka, akahamia upande wa pili, akasalimu upya.

Ikafuata kazi. Mume wangu alitaka ile kamba nyekundu. Akaomba leso nyeupe na maji, akaibana kamba gotini, akaisugua kwa mkono wa kulia. Muda mrefu. Akaiinua leso dirishani. Nyeupe.

"Haichuji," alisema. "Umeitia chumvi?"

"Chumvi na siki, na nikaichemsha mara mbili. Ulidhani nitakuchafulia vigae?"

"Wengi wangechafua."

Tangu augue sijamwona ametulia hivyo. Walizungumza rangi kwa nusu saa. Mimi na wifi tukawa wageni. Mwishowe mfumaji akataja lile la ukingo mmoja, kwamba watu watasema amekosea. Mume wangu akamuuliza: zulia ni la kwangu au la watu? Akajibu, likishatoka karakana ni lako. Basi, akasema mgonjwa, fuma la kwangu.

Amekubali. Ukingo mmoja, wa upana wa kiganja, kushoto kwa anayeingia. Ameomba tu asiulizwe na majirani.

Nilimsindikiza hadi getini. Nilitaka kumshukuru, akanikatiza: nimpe vipimo vya mlango kabla ya kesho jioni, na nipime mwenyewe, nisimtume mtu.

Jumanne, 12 Machi

Fundi wa vigae amekata. Nyumba nzima ni vumbi. Mume wangu akiona atarudi wodini. Shimo limenyooka. Wifi amekuja na ufagio wake mwenyewe, amefagia sebule yote bila kuulizwa, huku akisema kaburi la zulia limependeza. Amelala kwenye kochi sasa hivi, kitambaa bado kichwani.

Alhamisi, 14 Machi

Leo tulifanya jaribio wodini. Mfumaji alileta karatasi ngumu ya ukubwa kamili wa zulia, ukingo mwekundu umechorwa. Mtaalamu akaibandika sakafuni kwa utepe wa gundi, pembe zote. Mume wangu akasimama na fimbo.

Alianza na upande wake wa kulia, kama kawaida. Akasimama. Kichwa kikageuka polepole kuelekea kushoto, kikapita katikati, kikaendelea. Akaikuta nyekundu. Mguu wa kushoto ukainuka — uliinuka, haukuburutwa — ukatua ndani ya mstari. Kisha wa kulia. Akavuka. Mtaalamu akasema vizuri sana. Wifi akafuta macho kwa upindo wa khanga, kisha akanikaripia mimi, sijui kwa kosa gani.

Mume wangu akageuka arudi. Akasimama pale pale. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda tena. Hakuna kitu. Ukingo mwekundu sasa ulikuwa kulia kwake.

"Na nikitoka?" aliuliza.

Mtaalamu alitazama karatasi. Mfumaji alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimepima mlango mara tatu, upana, urefu, kina cha shimo, na hata mara moja sikumfikiria mtu akiwa ndani anataka kutoka. Sote tulikuwa tumemwingiza nyumbani tukafunga mlango.

"Mnanipeleka nikakae?" alisema. Hakukasirika. Alitaka kujua tu. "Nina wateja. Nina pasi pale dukani, haijazimwa sawasawa tangu siku ile, nina hakika."

Mfumaji akasema basi kingo mbili, kama alivyosema tangu mwanzo. Mtaalamu akatikisa kichwa: zikiwa mbili, jicho litakuta ile ya kulia kwanza, atadhani amefika, na kushoto kutabaki wazi. Labda rangi mbili tofauti. Labda nyekundu iwe mlangoni, si kwenye zulia. Hajui. Alisema hajui, na nikamheshimu zaidi. Walibishana hadi muuguzi akawatoa.

Mume wangu yuko kitandani, amechoka, ameridhika. Nilimuuliza atakapotoka atakwenda wapi kwanza. Akasema nje.

Uamuzi: Jumamosi, tarehe 16, saa nne asubuhi, gari la hospitali litamleta nyumbani kwa saa mbili. Mfumaji hatagusa fremu hadi hapo. Atakuja na vitambaa vya rangi tatu vya kujaribia ukingo, na ubao wa kujaza shimo. Mtaalamu atasimama nyuma ya mgonjwa. Wifi ameshapangiwa jikoni, ili asilie karibu.

Mimi nitakuwa nje, mbele ya mlango wa zulia. Mume wangu atapitishwa mlango wa nyuma, akae sebuleni apumzike. Ameomba jaribio lianze na kutoka.