Ng'ombe Hawashuki Ziwani

Dokta Mavi,

Shikamoo. Jina hilo ungeliitikia, maana nilikubandika mwenyewe na Kiseke nzima ikalishika. Ulikuwa unavua miwani, unasema, "Marahaba, profesa wa darasa la sita. Leta hayo mavi." Wiki ya tano sasa hakuna anayeniita profesa.

Nakuandikia habari za utafiti wako, kwa sababu wanaosema umezikwa nao wamekosea, na mmoja wao ni baba.

Siku ya mazishi yule kijana wa ofisini kwenu, Fadhili, alinivuta pembeni. Akasema ng'ombe wetu sita uliowatibu wakikaa huku mlimani mpaka mwisho wa mwezi ujao, atakuja kupima kama minyoo ya ini imewarudia. Wakila majani ya ziwani hata mara moja, kazi yako imeharibika. Nikamwambia aje tu. Baba yeye anasema huku juu yamebaki mawe, na aliyekataza ziwa hayupo. "Tulikubali kwa heshima yake. Sasa tunamheshimu nani?"

Mimi, Dokta. Aniheshimu mimi.

Unakumbuka nilivyokudanganya? Ulitaka mavi ya kila ng'ombe na chupa yake, niyatoe humohumo ndani ya ng'ombe kwa glavu. Mimi nikachota rundo moja la Sabuni, yule mweupe, nikajaza chupa zote, nikarudi kulala. Ulipochungulia kwenye hadubini ukaniita. "Profesa, ng'ombe hawa sita wana tumbo moja?" Sikujua pa kuweka uso. Hukunifukuza. Ulinisogeza nikaona yai la mnyoo, rangi ya chai, lina kifuniko kama sufuria. Ukanieleza linavyoangukia majini, mnyoo unavyoingia kwa konokono, unavyopanda kwenye majani ya ufukweni na kuishia kwenye ini. Tangu siku ile natia mkono mpaka kwenye kiwiko. Wewe na digrii zako zote ulikuwa unakimbia teke la Sabuni. Usikatae, nilikuona.

Wiki iliyopita baba alifungua zizi akawaswaga kwenda ziwani. Nikawatangulia mbio, nikakaa njiani pale panapobana kati ya majabali mawili.

"Toka, watakukanyaga."

"Wanikanyage."

Sabuni alifika, akanilamba jasho shingoni, akasimama. Wenzake wakakwama nyuma yake. Baba alinitukana kwa Kisukuma mpaka akaishiwa, halafu akawageuza. Hakusema nimeshinda. Alisema majani na maji ni juu yangu, na mmoja akianguka nihame kwake.

Basi nakata majani kandokando ya barabara ya Pasiansi, nayapandisha kichwani. Maji natoa bombani kwa toroli, na kile kilima unakijua, kilikuwa kinakutoa pumzi hata mikono mitupu. Wenzangu wananiita mume wa ng'ombe. Waniite. Kuna hata mmoja wao anayejua yai la mnyoo lina kifuniko?

Leo asubuhi nilipomimina dumu la tatu nililia. Kidogo tu, usijitape.

Pumzika, Dokta wangu. Ng'ombe hawashuki, nakuahidi mimi. Mvua ikichelewa nitabeba maji. Ikichelewa tena, nitabeba tena. Huko uliko usiniombee mvua, niombee mgongo.

Masanja