Nilimwambia Mama Mkwe "Sifuri"

Shangazi Tecla, shikamoo. Barua hii naiandika nikiwa nimeifunika kwa daftari la wodi, aibu imenijaa, naomba unisaidie. Mimi ni karani wa takwimu katika hospitali moja huku Ngara, na mama mkwe wangu Secilia alikuwa anaogopa kupasuliwa uvimbe wa tumboni, akaniuliza ni wangapi vidonda vyao hutunga usaha, nami kwa kutaka nionekane mkwe wa maana nikamjibu, "Mama, sifuri! Daktari mpya ameshapasua kumi na wawili, hakuna hata mmoja," na kumbe kwenye semina Nyakanazi tulifundishwa njia ya Bayes, kwamba ukiwa na watu wachache usiwahesabu peke yao, uanze na ulichokijua kabla ndipo uongeze ulichokiona, na rekodi za nyuma nilizijua, wawili kati ya arobaini walitunga usaha, lakini sifuri ilinipendeza. Mama akakubali, akapasuliwa, kidonda kikatunga usaha. Hajanilaumu, Shangazi, heri angenitukana! Anasema wenzake kumi na wawili walipona, basi hizi ni dhambi zake, na Jumapili padri alipoleta Komunyo wodini akageukia ukuta. Nampelekea uji huku natazama chini. Nikisema ukweli, nitamtazamaje tena?

Aline, Ngara

Marahaba, Aline. Pole, ila nakugombeza kwanza. Ukinunua gunia la maharage sokoni Runazi, ukachota kiganja kimoja ukakuta safi, utaapa gunia zima halina bovu? Huwezi, maana maharage umeyachambua miaka yote. Sasa mbona mama wa watu ulimwapia kwa kiganja kimoja? Ungejumlisha ulivyofundishwa: wawili kati ya hamsini na wawili, yaani kama wanne katika mia. Ungemwambia hivyo, pengine angekubali vilevile.

Aibu yako naielewa. Lakini umemtwisha mgonjwa, naye ameiita dhambi, halafu wewe unampelekea uji! Acha hayo. Leo piga magoti kando ya kitanda chake, useme, "Mama, nilikudanganya. Kila mia, kama wanne hupata usaha, na hawajamkosea Mungu." Akikugombeza, umshukuru. Kisha rudi kwenye daftari umwandike: watatu kati ya hamsini na watatu. Usithubutu kumwacha nje.

Padri anarudi Jumapili. Mama awe ameshajua.