Babu, Mlinzi Aliyepekua kwa Makini

Mwaka umetimia, Babu, tangu uliposinzia kitini mwako ukakataa katakata kuamka, jambo ambalo hukuwahi kulifanya wakati wa chai.

Ulikuwa mpole kwa watu na katili kwenye drafti. Uliiba kete hadharani, kisha ukatazama dari. Familia imekaa, imejadili, na imekusamehe kwa kauli moja.

Miaka ishirini ulilinda geti la kiwanda cha mashati. Kila jioni, kengele ikishalia, wanawake mia mbili walipanga foleni, wakapekuliwa mikoba na kupapaswa mwili na walinzi wanaume. Wewe hukumpapasa hata mmoja. Chama cha wafanyakazi kilipolalamika, meneja alijibu kwamba hakuna kitakachobadilika, na akakuamuru wewe, uliyeonekana mzembe, upekue kwa makini.

Ukatii. Ijumaa iliyofuata ulivaa miwani, ukafungua kila mkoba, kila leso, kila pakiti ya sindano. Lori la mashati likakwama nyuma ya foleni, maana geti lilikuwa moja tu. Zamu ya Bibi, naye mshonaji humo, ilipofika, alikuuliza kama umesahau nani alikupikia asubuhi.

"Fungua mkoba, mama," ukasema.

"Mkoba wenyewe umeninunulia wewe."

"Ndiyo maana nina wasiwasi nao."

Foleni nzima ikacheka. Meneja akaja mbio, akafoka kwamba kesho huna kazi, nawe ulikuwa umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Bibi anasema mkoba hukuuachia.

"Natii amri yako, bosi."

Katibu wa chama, mshona kola, akamwambia meneja kwamba ukifukuzwa wewe, Jumatatu hakuna mashine itakayolia. Wanawake wakaketi chini pale pale getini, lori likazima injini.

Jumatatu meneja na chama walisaini: kupapaswa basi; akishukiwa mtu, atapekuliwa na mwanamke mwenzake, faraghani, ndani ya saa za kazi. Na walinzi nao wakaruhusiwa kujiunga na chama. Kadi ya kwanza ilikuwa yako.

Siku hizi Shangazi anashona kiwandani humo. Kengele ikilia anapita getini kichwa juu, anafika nyumbani jua bado lipo. Mwezi uliopita wenzake walimchagua mwakilishi wao. Anasema meneja mpya keshaanza kumwamkia yeye kwanza.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bibi, binti yako mshonaji, mwanao fundi bomba, mkwe wako, na wajukuu watano wasio na adabu sana. Hututoki moyoni, Babu, wala hao mia mbili hawajakusahau.