Alama Nne Nilizompa Adoyo

Mtaa wa Bomani,
Tarime.
Jumapili, 19 Agosti 2012

Mpendwa Dada Akello,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Sumbawanga haijakugandisha, na kwamba wagonjwa wa wodi yako wanakutii kuliko nilivyokutii mimi utotoni. Huku tu wazima. Mama anatembea, ila magoti humsumbua akienda shambani. Akienda harusini hayamsumbui. Mimi tumbo linatangulia, nami nalifuata.

Ningepiga simu, lakini najua ungeikata kabla sijafika katikati. Barua ataibeba Laurensia, muuguzi anayehamia huko. Anaondoka kesho.

Unajua dhahabu ilivyotuletea watu wa kila aina. Wengine wanachimba, wengine wanawauzia wachimbaji maandazi, na sisi tunashauri. Kampuni yetu inatengeneza programu za kompyuta za migodi, na mimi niliyeacha chaki uzeeni nimekaa na vijana wanaoniita Mzee huku wakinirudishia ripoti moja mara sita. Kuingia tu nilisailiwa mara nne, Dada. Wazee wa mke wangu hawakunihoji hivyo.

Sasa la Adoyo. Alikuambia alishindwa usaili wa kazi hapa kwetu. Hakukuambia kuwa mmoja wa wasaili watatu nilikuwa mimi, kwa sababu binti yako ana adabu kuliko ukoo wetu wote.

Bwana Laurian, mkuu wetu, aliniuliza mapema kama ningependa kukaa nje ya usaili huo, maana Adoyo ni mpwa wangu. Nikamjibu kwamba Mwalimu Ogada akishika kalamu hana ndugu. Machage, mwenzangu wa meza ya jirani, akacheka: "Haya Mwalimu, tuone kama utarudi kwenu ukiwa na meno."

Adoyo akaingia, akajibu. Akachora ubaoni jinsi programu ya mizani inavyoweza kutunza kumbukumbu umeme ukikatika, jambo lililotushinda sisi mwezi mzima. Laurian akampa tisa. Machage tisa. Mimi nikampa nne.

Usinitukane kwanza. Nilitaka waone sipendelei. Nikadhani alama zitajumlishwa na kugawanywa kwa tatu kama shuleni, atapata saba na kitu, atapita, nami nitabaki mtu safi. Kumbe pale alama ya chini ndiyo inayosimama. Msaili mmoja akitia shaka, mtu anaachwa. Karatasi ya kanuni nilipewa, sikuisoma. Mwanafunzi wangu angechapwa kwa hilo.

Nilimrudia Laurian nikamweleza. Akanisikiliza vizuri tu, halafu akasema: "Usijute, Mzee. Watu wenye msimamo kama wako ni wachache." Wamenipandisha cheo, Dada. Kuanzia kesho mimi ndiye nitakayeongoza usaili.

Adoyo yuko Nyakunguru, anaponda mawe ya dhahabu na akina mama. Nilimfuata Alhamisi. Akaniamkia, akanipa kigoda, akasema: "Mjomba, nisamehe, nilikuaibisha mbele ya wenzako." Nikanywa chai yake, la alama zangu nikalimeza nayo. Nilipomtajia kazi nyingine Mwanza, usaili tarehe thelathini, alisema kichwa chake hakitoshi, haendi.

Nimeanza na wewe kwa sababu kwetu aliyemkosea mtoto humkabili mama kwanza. Jumamosi narudi Nyakunguru, na safari hii nitasema, hata mbele ya wale akina mama na nyundo zao. Ila nakuomba umpigie kabla sijafika. Akisikia kwangu kwanza atadhani mjomba anamfariji. Wewe hujawahi kumsifu bure, wewe atakuamini. Mwambie alijibu kila swali.

Nisalimie Shemeji Oduol na Jesca. Mungu akulinde katika zamu zako, akupe na moyo wa kunisamehe, hata kama si mwaka huu.

Wako akupendaye, ukikubali bado,
Enock Ogada